Uzi: Taswira ya diski ya mchezo yenye kinga, na kwa nini kasoro zake zisisahihishwe

Mleta mada (Sanduku la Zamani)

Ndugu zangu, nafungua uzi huu kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe, na ambalo naona wengi bado wanalirudia. Nilikuwa na diski ya mchezo wa kompyuta wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Niliitengenezea faili la ISO, yaani taswira (nakala ya yaliyomo kwenye diski katika faili moja), nikaridhika kwamba nimeihifadhi, na diski yenyewe nikaiacha bila kuijali. Miaka ilipopita, rangi ya upande wa juu ilianza kubanduka pamoja na utando unaoakisi mwanga, na nilipolirejea lile faili nikakuta mafaili yote yamo na mchezo unasakinishwa bila shida, lakini kila ukifunguliwa unadai uwekewe diski halisi. Nililinganisha orodha ya mafaili mara tatu nikitafuta lililopungua, na sikuliona, kwa kuwa kilichopotea hakikuwa faili.

CD kwa asili yake haijui faili ni nini. Inajua sekta, na kila sekta ina baiti 2,352. Katika diski ya kawaida ya data, baiti 12 za mwanzo hukiarifu kisomaji kwamba sekta imeanza, 4 zinazofuata hutaja anwani na aina ya sekta, kisha huja baiti 2,048 za data tunazoziona kama mafaili, na sehemu inayobaki imetengwa kwa ajili ya kugundua na kurekebisha makosa ya usomaji. Pembeni ya hizo iko mikondo minane midogo inayoitwa kwa herufi P hadi W, yenye jumla ya baiti 96 kwa kila sekta, ambayo hubeba mambo kama namba ya wimbo na dakika iliyofikiwa. Faili la ISO huchukua zile baiti 2,048 tu. Diski ya dakika 74 ina sekta 333,000, kwa hiyo aliyetengeneza ISO ameacha zaidi ya megabaiti 100 nje hata kabla ya kuihesabu mikondo midogo.

Waliobuni kinga dhidi ya kunakili waliufahamu upungufu huo, wakajenga humo humo. SafeDisc, iliyouzwa na Macrovision, huweka makusudi sekta zisizosomeka katika sehemu ya mwanzo ya diski, nyingi zikiwa ndani ya sekta 10,000 za awali, na programu ya mchezo inapoanza huzijaribu baadhi yake: zikisomeka vizuri, diski hiyo ni nakala. LaserLock nayo huficha folda iliyojaa mafaili yenye makosa. SecuROM ya Sony DADC, katika matoleo yake ya zamani, ilibadilisha taarifa za mkondo wa Q mahali maalumu. TAGES ilitumia sekta pacha, yaani sekta mbili tofauti zenye anwani moja, hivyo kisomaji kikienda mbele hukutana na moja na kikirudi nyuma hukutana na nyingine. Katika mifano yote hii, programu yenye tabia njema ya kurekebisha kila kosa inaloliona ndiyo inayoharibu kazi, kwa sababu kosa hilo ndilo alama ambayo mchezo unaitafuta.

Kinga za baadaye zilikwenda mbali zaidi, zikaacha kutegemea data na kuanza kupima umbo la diski. Njia ya CD ni mzunguko mmoja mrefu unaoanzia ndani kuelekea ukingoni. Karibu na katikati mzingo mmoja hubeba sekta kama 9 hivi, na karibu na ukingo hubeba kama 20. Kiwanda kinaweza kuubana au kuulegeza msongamano huo kidogo katika sehemu fulani za diski, na programu ya mchezo ikaugundua kwa kupima muda unaopita kati ya sekta moja na nyingine. Matoleo ya baadaye ya SecuROM hufanya hivyo, na StarForce kutoka Urusi hupima pembe kati ya sekta. Hakuna baiti yoyote ndani ya diski inayobeba taarifa hiyo. Ikiwa fomati ya taswira yako haina mahali pa kuandika vipimo vya msongamano, taswira hiyo haitaupita ukaguzi wa aina hii hata kama data yake ni sahihi mpaka biti ya mwisho.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuitambua kinga kabla ya kugusa kitufe chochote cha kunakili. Mara nyingi diski yenyewe hujisema. Ukiona faili lenye jina 00000001.TMP pamoja na CLCD32.DLL, hiyo ni SafeDisc ya awali, na faili lenye kiambishi cha ICD lililo jirani yake ndiyo programu halisi ya mchezo iliyosimbwa. CMS_95.DLL na CMS_NT.DLL ni dalili ya SecuROM ya zamani, na folda iliyofichwa ya LASERLOK haihitaji maelezo. Matoleo ya baadaye yalijificha vizuri zaidi ndani ya programu kuu, na hapo utahitaji programu ya kuchunguza kama Protection ID.

Baada ya hapo ndipo fomati inapochaguliwa. Kwa diski isiyo na kinga, yenye data pekee, ISO inatosha na sina ugomvi nayo. Ikiwa diski ina nyimbo za muziki baada ya data, tumia BIN na CUE, kwa sababu ISO haiwezi kubeba muziki huo. Pale ambapo makosa na mikondo midogo vina maana, fomati ya CloneCD yenye mafaili matatu, CCD, IMG na SUB, huhifadhi sekta nzima na mikondo yote. Ikiwa msongamano unapimwa, MDF na MDS za Alcohol 120% zina nafasi ya kuandika vipimo hivyo, mradi usomaji ufanyike kwa kasi ndogo isiyobadilika, maana kiendeshi kinachobadilisha kasi katikati ya kazi hutoa vipimo visivyofaa kitu.

Jambo moja zaidi, ambalo lilinichukua muda kulielewa. Sehemu kubwa ya maarifa ya zamani kuhusu kinga hizi ilihusu kuchoma diski ya pili, na ugumu wa kuchoma si ugumu wa kutengeneza taswira. SafeDisc ya toleo la 2 ilitumia sekta dhaifu, yaani sekta zenye mpangilio wa biti ambao vichomaji vingi vilishindwa kuuandika sawasawa wakati wa kugeuza kila biti 8 kuwa biti 14 za kwenye diski. Kuzisoma hakuna taabu yoyote. Anayetaka taswira ya kuhifadhi tu anaweza kuyaacha mabishano yote ya zamani kuhusu ni kichomaji gani kilikuwa bora.

Msoma Nyota

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo haya. Nina diski ambayo kwa dalili ulizotaja ni SafeDisc. Nilipoanza kuisoma, programu iliripoti makosa mamia kwa mamia na kazi ikasimama karibu saa nzima mahali pamoja, nikaikatiza nikidhani diski imekufa. Lakini pia ina mkwaruzo unaoonekana kwa macho, kwa hiyo sijui makosa yapi ni ya kiwandani na yapi ni ya kwangu. Je, kuna namna ya kuyatenganisha?

Mleta mada (Sanduku la Zamani)

Ipo, na haihitaji kifaa maalumu. Kosa la makusudi hukaa mahali pake: ukisoma leo na kesho, kwa kiendeshi hiki na kile, anwani ni zile zile. Kosa la mkwaruzo au uchafu huhama. Sekta iliyokataa mara ya kwanza hukubali mara ya pili, na ya jirani yake hukataa. Dalili ya pili ni umbali kati ya makosa. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni hukata kila mzingo mara moja, hivyo utaona makosa yakijirudia kila baada ya sekta 9 hivi karibu na katikati, na kila baada ya sekta 20 hivi karibu na ukingo. Makosa ya SafeDisc hayafuati hesabu hiyo, na hayafiki huko ukingoni.

Kuhusu kusimama kwa saa nzima, kiendeshi hujaribu tena na tena kila sekta inayokataa kabla ya kusalimu amri, na kila jaribio hula sekunde kadhaa. Punguza idadi ya majaribio katika mipangilio ya programu unayotumia na uiambie iruke haraka makosa, lakini iyaandike katika kumbukumbu yake. Kabla ya yote, safisha diski kwa kitambaa laini ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzingo huharibu sekta nyingi zinazofuatana, na marekebisho ya makosa hayawezi kuuziba.

Uangalie pia upande wa juu wa diski. Watu hulinda upande unaong'aa na kuulalia ule wenye picha, ilhali katika CD data iko chini kidogo tu ya rangi hiyo, na plastiki yenye unene wa milimita 1.2 iko upande mwingine. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa. Wa juu ukifika kwenye utando, data imekwenda nao. DVD ina nafuu, kwa kuwa tabaka lake la data limefumbatwa kati ya vipande viwili vya plastiki.

Mtu wa Njia Fupi

Naomba nitofautiane kwa heshima. Mimi sioni sababu ya kuhangaika na mikondo midogo na vipimo vya pembe wakati kwa karibu kila mchezo wa zamani ipo programu iliyoondolewa kinga. Mtu achukue ISO yake, abadilishe faili moja, acheze. Hata anayemiliki diski halisi hana njia nyingine siku hizi, kwani SafeDisc ilitegemea draiva ya secdrv.sys ambayo Microsoft haikuiweka kabisa katika Windows 10 ya mwaka 2015, na mwezi Septemba mwaka huo huo sasisho la usalama likaizima hata katika Windows 7 na 8. Diski nzima na safi ya mwenzetu haitafunguka humo. Sasa taswira kamilifu ya kitu kisichofunguka ina faida gani?

Mleta mada (Sanduku la Zamani)

Hoja kuhusu draiva ni ya kweli, na ninaongeza kwamba haikuondolewa kwa chuki: draiva ile ilikuwa na tundu la usalama lililolazimu kuzibwa mwaka 2007, na kuiacha ifanye kazi ndani kabisa ya mfumo endeshi kwa ajili ya michezo ya zamani kulikuwa ni kuwahatarisha watu wote. Lakini tunazungumzia mambo mawili. Wewe unataka kucheza leo jioni, na mimi nataka kitu kitakachobaki kuwa ile diski wakati plastiki yake imekwisha kuharibika. Kutoka katika taswira kamili unaweza kupata ISO wakati wowote. Kutoka katika ISO huwezi kuirudisha taswira kamili. Isitoshe, programu iliyobadilishwa na mtu usiyemjua ni kazi ya mtu huyo, pamoja na makosa yake. Michezo kadhaa ilitegewa mitego ambayo haikatai kufunguka, bali huharibu mambo polepole katikati ya mchezo, na aliyevunja kinga kwa haraka hakuiona yote. Utalaumu mchezo kwa kasoro isiyokuwa yake.

Bi Kumbukumbu

Naunga mkono kwa mfano wa PlayStation ya kwanza, ambao unaonesha vizuri ni nini kinachopaswa kuwamo katika taswira na ni nini kisichohitajika.

Konsoli ile ilitambua diski halali kwa herufi za eneo, SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani na SCEE kwa Ulaya, zilizoandikwa kama mtikisiko wa njia yenyewe katika eneo la kuingilia diski. Kichomaji hakiwezi kuzinakili, kwa sababu njia ya diski tupu huchongwa kiwandani na ina mtikisiko wake tayari. Lakini anayetengeneza taswira hana haja nazo. Emuleta, yaani programu inayoiga konsoli kwenye kompyuta, haina haja ya kuutazama mtikisiko huo. Hapa kinga iliyokuwa kali kuliko zote inageuka kuwa si kitu.

Kinyume chake ni LibCrypt, iliyowekwa katika baadhi ya michezo ya toleo la Ulaya. Hiyo huficha ufunguo wa biti 16 kwa kuvuruga taarifa za mkondo wa Q katika sekta chache zilizochaguliwa. Mkondo wa Q hauna urekebishaji wa makosa, una namba ya ukaguzi tu, kwa hiyo hata diski nzima hutoa hitilafu za hapa na pale katika kila usomaji. Programu nyingi kwa nia njema husafisha hitilafu hizo zote na kuandika upya taarifa zinazotarajiwa, na kwa kufanya hivyo hufuta ufunguo. Mchezo utaanza, utaonesha filamu yake ya utangulizi, kisha utaganda mbele ya safari. Dawa ni kuusoma mkondo huo mara kadhaa na kuangalia ni sekta zipi zinazorudia hitilafu ile ile kila mara. Hizo huandikwa katika faili dogo la SBI linalokaa kando ya BIN na CUE, na emuleta nyingi hulitambua.

Kuhusu konsoli nyingine nitasema kwa ufupi tu. DVD za PlayStation 2 husomwa na kiendeshi cha kawaida, na ISO inazitosha. GD-ROM ya Dreamcast ina eneo lenye msongamano mkubwa linaloanzia sekta ya 45,000, ambalo kiendeshi cha kompyuta hakilioni kwa kawaida, na wengi huisoma kupitia konsoli yenyewe. Diski za GameCube na Wii nazo ni hivyo hivyo. Blu-ray za PlayStation 3 zimesimbwa, na kila moja ina ufunguo wake ambao usipohifadhiwa pamoja na taswira, umehifadhi kelele.

Karani wa Sheria

Kwa kuwa neno nakala limetajwa mara nyingi, ni vyema tukajua mipaka. Nchini Marekani, kifungu cha 117 cha sheria ya hakimiliki kinamruhusu mmiliki wa nakala ya programu kutengeneza nakala ya akiba, lakini sheria ya DMCA ya mwaka 1998, katika kifungu cha 1201, inakataza kuikwepa kinga ya kiteknolojia, na misamaha yake hupitiwa kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2015 ulitolewa msamaha kwa michezo ambayo seva zake za uthibitisho zimefungwa. Katika Umoja wa Ulaya, mwongozo wa mwaka 2009 kuhusu programu za kompyuta unasema kwamba mkataba hauwezi kumnyima mtumiaji halali nakala ya akiba inayohitajika kwa matumizi yake. Hata hivyo, mahakama ya umoja huo iliamua mwaka 2014, katika shauri la Nintendo dhidi ya PC Box, kwamba mchezo ni zaidi ya programu, kwa kuwa picha na sauti zake zina ulinzi wao. Mwaka 2016 ikaamua pia kwamba nakala ya akiba haiwezi kuuzwa kwa mtu mwingine bila ridhaa ya mwenye haki, hata kama diski ya awali imeharibika au imepotea.

Naona tofauti inayofaa katika mada yetu: kuisoma diski kama ilivyo, pamoja na kasoro zake, na kuivunja kinga ni vitendo viwili, ingawa sidai kwamba kila mahakama ingeipokea tofauti hiyo. Kusambaza taswira hizo mtandaoni ni jambo la tatu, na hilo halina utata.

Haja yenyewe ya kuhifadhi si ya kubuni. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena madukani.

Msoma Nyota

Narudi na matokeo. Nilisafisha diski kama nilivyoelekezwa, nikapunguza majaribio, nikaisoma mara mbili kwa kiendeshi changu na mara moja kwa kiendeshi cha zamani cha Plextor nilichoazimwa. Makosa yalikuwa ya makundi mawili bila shaka yoyote. Kundi la kwanza lilikaa katika sekta za mwanzo, kwa anwani zile zile katika masomo yote matatu. Kundi la pili lilikuwa karibu na ukingo, likijirudia kila baada ya sekta 19 au 20, na lilikuwa likipungua na kuongezeka. Katika kile kiendeshi cha kuazima lilitoweka kabisa.

Swali langu la mwisho ni hili: nikilinganisha SHA-1 ya mafaili hayo (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili), usomaji wa kwanza na wa pili unatofautiana. Je, nichukue ule wa tatu na kuuamini peke yake?

Mleta mada (Sanduku la Zamani)

Usiuamini peke yake. Isome diski mara moja zaidi kwa kiendeshi hicho hicho cha Plextor. SHA-1 zikilingana kwa masomo mawili ambayo kundi la pili halimo, hiyo ndiyo taswira yako. Zisipolingana, tazama kwanza kama tofauti iko ndani ya zile sekta za makusudi, maana programu mbalimbali huzijaza kwa namna mbalimbali sekta zisizosomeka. Basi tumia programu moja kwa masomo yote. Mafaili ya SUB usiyalinganishe kwa SHA-1, kwani hitilafu za kawaida za mkondo wa Q alizozieleza Bi Kumbukumbu zitayatofautisha daima. Ukimaliza, unaweza kulinganisha namba zako na zile zilizochapishwa na mradi wa Redump, ambao hukusanya CRC-32, MD5 na SHA-1 za diski zilizosomwa kwa uangalifu, bila kuhifadhi michezo yenyewe. Hifadhi pia kumbukumbu ya usomaji yenye anwani za makosa, pamoja na picha za pande zote mbili za diski, ikiwemo ile namba ndogo iliyochongwa karibu na tundu la katikati, kwa sababu mchezo mmoja unaweza kuwa umechapwa mara kadhaa kwa kinga tofauti chini ya jalada lile lile.

Msoma Nyota

Zimelingana, na zinaafikiana pia na zilizochapishwa. Nimeiweka taswira katika kiendeshi pepe cha kompyuta ya zamani ya Windows XP isiyounganishwa na intaneti, na mchezo umefunguka bila kuuliza diski. Nimeanza na ya pili usiku huu. Hiyo ina CMS_NT.DLL, kwa hiyo nadhani tutaonana tena hapa kwenye mkondo wa Q.